Kodi, Sanamu na Mdomo wa Dhahabu

Antiokia, mwaka 387. Amri ya kodi mpya imesomwa na watu wamepiga kelele. Wanamtafuta askofu, hawampati. Wanaelekea kwa gavana. Kabla siku haijaisha, picha za Kaisari Theodosius zimepigwa mawe, na sanamu zake, za marehemu mkewe Flaccilla na za wanawe zimeangushwa na kuburutwa barabarani. Wapiga mishale wanatumwa kutawanya umati. Halafu mji unanyamaza, maana kila mtu anajua kumgusa Kaisari wa shaba ni kumgusa Kaisari wa nyama.

Kasisi aliyepewa daraja mwaka uliotangulia ndiye anayepanda mimbarini. Mahubiri yake ya Kwaresima ile, ambayo kwa desturi huhesabiwa 21, ndiyo yaliyomfanya Yohane awe Yohane. Krisostomo, yaani mdomo wa dhahabu, ni jina alilopachikwa baadaye. Ukiyasoma leo ukiwa Nairobi, na Juni 25, 2024 bado iko kichwani, huwezi kuyaita historia ya mbali.

Tuanze na anachokifanya vizuri. Baada ya ghasia anakaa kimya siku saba, kama marafiki wa Ayubu, na akifungua kinywa haleti jibu. Anaomboleza. Anausawiri mji kama mzinga uliofukizwa moshi, nyuki wote wametoroka. Watu wanajifungia ndani, uwanja mkuu hauna mtu. Mhubiri anayejua kwamba mtu mwenye hofu hataki kwanza kuelezwa bali kuonwa, huyo ni nadra, hata kwetu.

Tatizo linaanza anapoeleza. Nani alivunja sanamu? Ati wageni, watu wa kutangatanga waliotoka kwingine. Hii tumeisikia wapi? Sisi pia tuliambiwa kuna pesa za kutoka nje. Na kosa la wenyeji ni lipi? Kwamba waliwaacha wakufuru wakae nao bila kuwarudi. Kodi yenyewe anaigusa juujuu, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Badala yake, mahubiri baada ya mahubiri, anarudi kwa viapo: acheni kuapa. Watu wanatandikwa mijeledi mahakamani na jamaa anazungumzia kuapa! Wanaomtetea watasema alikuwa akiwapa kitu wanachoweza kukidhibiti. Kaisari yuko mbali, ulimi uko mdomoni. Nakubali nusu.

Nusu nyingine iko kwa Yona. Krisostomo anawaambia Waantiokia waige Ninawi, na anasoma vizuri: kilichowaokoa Waninawi si kufunga chakula bali kubadili matendo. Lakini angalia kinachotokea ukiipandisha Antiokia juu ya hadithi hiyo. Katika Yona, anayetoa hukumu ni Mungu na hukumu ni ya haki. Mji ukiwa Ninawi, Kaisari anajikuta ameketi kwenye kiti ambacho si chake, na swali la kama kodi ilikuwa halali linatoka mlangoni bila mtu kuona. Hakuna aliyedanganya. Kilichochaguliwa ni kifungu tu.

Usomaji ulio bora umo ndani ya mahubiri hayohayo, ila si wake. Wajumbe wa Kaisari, Hellebichus na Caesarius, walipofika kuendesha kesi, watawa walishuka kutoka milimani kuwakabili. Mmoja wao, Macedonius, hakuwa amesoma. Alizungumza Kisiria na maneno yake yakatafsiriwa kwa Kigiriki (sisi tulioacha chuo katikati tunaruhusiwa kutabasamu kidogo). Hoja ya watawa ilikuwa fupi: sanamu za shaba zinaweza kusimamishwa tena, na nyingine zimeshasimamishwa. Mtu ni sura ya Mungu. Ukimuua, utamsimamishaje? Mashtaka yakageuka. Waliofika kuwahukumu wavunja sanamu wakaulizwa kama wao wenyewe hawako karibu kuvunja sanamu kubwa zaidi. Hayo ni mafafanuzi ya Mwanzo 1 yaliyofanyiwa barabarani, mbele ya watu wenye panga. Kwa heshima yote, Krisostomo aliyasimulia na hakuyachukua yawe yake.

Askofu Flavianus, mzee, alisafiri wakati wa baridi hadi Konstantinopoli, akimwacha dada yake mahututi, na kufikia Pasaka msamaha ulikuwa umepatikana. Lakini kwa maelezo ya Krisostomo mwenyewe, waliouawa siku za mwanzo, watoto wakiwemo, walikuwa wameshauawa.

Na tusimfanye malaika. Mdomo huohuo, miaka hiyohiyo ya 386 na 387, ulihubiri dhidi ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo Ulaya ilikuja kuyatumia kwa karne nyingi.

Hapa kwetu kila kukiwa na moto mtu anatoa Warumi 13. Jambo la kuchekesha ni kwamba Krisostomo, akifafanua sura hiyo, anatenganisha cheo na mwenye cheo: kilichotoka kwa Mungu ni kuwepo kwa mamlaka, si kila anayeyashika. Novemba 2024, Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi aliporudisha mchango wa rais, sikusikia mtu akimtaja Krisostomo, lakini angeweza.

Ukitaka kuyasoma, usianzie mwanzo. Anza na la 17, walipo watawa, kisha urudi la 2 kwa ajili ya ule mzinga. Ya viapo unaweza kuyaruka.