Gesi Haijaisha

Lori dogo la samaki likifika Malaba, adui yake ni foleni. Kompresa ya friji yake huzungushwa na mkanda kutoka kwa injini ileile inayovuta gari. Barabarani kutoka Jinja injini hukimbia, upepo hupiga kondensa, na minofu ya mbuta hukaa baridi karibu na sifuri. Kwenye foleni injini inanguruma polepole na upepo hakuna. Matrela makubwa yana injini ndogo ya friji peke yake, jambo ambalo Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi, alilishughulikia Minneapolis mwishoni mwa miaka ya 1930. Lori dogo kama Kanta halina bahati hiyo.

Dereva akiona joto linapanda husema, "Gesi imeisha." Mafundi wengi humkubalia upesi. Gesi ina bei. Kufikiri hakuna bei.

Fundi ninayemsifu, mzee wa huku Molo upande wa Tororo, hakushika mtungi. Aliuliza, "Inakataa baada ya muda gani, kijana?"

Dereva alifikiri. Inapoza vizuri dakika ishirini hivi, kisha inakufa. Akiizima nusu saa, inafufuka.

Mzee akatabasamu. Alishika bomba linalotoka kwenye kompresa, lililotakiwa kuunguza, akaliona la vuguvugu tu. Akafunga geji. Mshale wa upande wa chini ulikuwa umeshuka hadi chini ya sifuri, kama mtu anayenyonya mrija ulioziba.

"Gesi iliyovuja hairudi kwa sababu umepumzika," alisema.

Basi ni nini kinachoziba kisha kujizibua chenyewe? Barafu. Tone la maji lililonaswa ndani ya mfumo huzunguka na gesi, likafika kwenye tundu jembamba la vali ya upanuzi, mahali penye baridi kali, likaganda. Ukizima, linayeyuka. Mzee alimtuma tanboi kwa mama chai akalete birika la maji ya moto, akayamwaga juu ya vali. Tukasikia mlio wa kufyonza, mshale ukapanda. Sijaona ushahidi mzuri kuliko ule hata mahakamani.

Kazi yenyewe ilichukua mchana. Gesi ikaondolewa, draya ikabadilishwa, pampu ya vakyumu ikafungwa. Hewa ikishanyonywa vya kutosha, maji huchemka bila moto, yakatoka kama mvuke. Dereva alitembea huku na huku, karatasi zake za forodha mkononi. Mzee alifunga koki, akazima pampu, akaketi kuangalia mshale. Ukipanda, kuna tundu. Haukupanda.

Na maji yaliingiaje? Dereva alikiri kwa shingo upande kwamba mwezi uliopita kuna mtu alifungua bomba kando ya barabara na "kuongeza gesi" kwa dakika kumi.

Mzee alipima gesi kwa mizani, kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye kibati cha mtambo wa friji.

"Na hii yote unanidai ya nini," dereva akauliza, "na gesi ni kidogo hivi?"

Mzee alikuwa anamlipa mama chai kwanza, maji ya birika moja.