"Kinachowaka" au "Chepesi Kushika Moto"?

Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu walikimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Istilahi pekee isingaliwaokoa. Hata hivyo, maonyo tunayoyatafsiri hayana budi kueleweka mara moja.

Tafsiri "kimiminika kinachowaka" ina kasoro. Kiambishi "-na-" huweza kumfanya msomaji adhani moto umekwisha kuwaka. Asipouona, hujiona yu salama. Tunapendekeza "kimiminika chepesi kushika moto". Aidha, kinachoshika moto hasa ni mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa, hutambaa ardhini, na ukivutwa hudhuru. Kwa wengi "mvuke" ni ule wa maji yachemkayo. Hivyo onyo liseme "mvuke usioonekana".

Ama agizo la kusimama "juu ya upepo", hilo halina maana. Mabaharia husema "joshini". Lakini kwa msomaji wa bara "upande upepo unakotoka" lafaa zaidi. Istilahi isiyoeleweka penye hatari haijatimiza kazi yake, hata ikiwa imesanifiwa.