Ubao wa Dari, Rangi ya Baiskeli

Ubao wa dari wa futi 4 kwa 4 ukikatwa msalaba hutoa vipande 4 vya mraba, kila kimoja kikiwa na upande wa kama sentimita 60. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, picha zake nyingi zilikuwa za kipimo hicho. Hakukipata katika kitabu cha sanaa. Alikipata dukani, palipouzwa vifaa vya ujenzi.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaja mjini kutafuta riziki kama vijana wengi wa kusini. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya Morogoro Stores. Mtaa huo ulipangwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu, na baada ya uhuru ukajaa mabalozi na wataalamu wa kigeni. Wateja hao walikuwa na fedha na kuta tupu, na mkataba ukiisha walifunga mizigo na kurudi kwao. Picha iliyowafaa ni ile inayobebeka, isiyohitaji kioo wala fremu nzito.

Rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli na milango, ilitatua tatizo la kioo: ikikauka huwa ngumu, inang'aa na kufutika vumbi kwa kitambaa. Lakini ina ukaidi wake. Hukauka polepole, na rangi mbili mbichi zikigusana huingiliana na kuchafuana.

Ukaidi huo ndio ulioipa sanaa ya Tingatinga sura yake. Kwanza ubao mzima hupakwa rangi ya chini na kuachwa ukauke. Kisha mnyama huchorwa juu yake kwa rangi bapa, bila kivuli. Hiyo nayo ikishikana, brashi nyembamba hurudi kuweka macho, kucha na mistari ya pembeni. Madoa ya chui huwekwa nukta moja moja, na nukta hizo hufanya kazi ambayo mchoraji wa rangi nyingine angeifanya kwa kufifisha na kuchanganya. Ndiyo maana katika picha za mwanzo mnyama mmoja hujaza mraba karibu wote, mkia ukikunjwa ili usitoke nje ya ubao.

Kusubiri rangi ikauke pia kuliamua namna ya kufanya kazi. Anayechora ubao mmoja hushinda amekaa bure. Anayepanga kadhaa ukutani humaliza rangi ya chini ya wa mwisho wakati wa kwanza umeshakaribia kuguswa. Mpango huo una nafasi ya mwanagenzi: yeye hupaka chini, fundi humalizia juu. Kwa hiyo Tingatinga alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, ufundi haukuzikwa naye. January Linda, Simon Mpata na wanafunzi wengine wa mwanzo waliuendeleza, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na chama chao cha ushirika, papo hapo Oysterbay.

Mtaa wenyewe haukukaa ulivyokuwa. Kuanzia Oysterbay hadi Masaki, nyumba za chini zenye bustani pana zimekuwa zikipisha maghorofa, hoteli na maduka makubwa. Mteja naye amebadilika. Mgeni wa mkataba alisafirisha makasha, lakini mtalii wa siku kumi ana begi moja la ndege. Wachoraji wakamjibu kwa kitambaa kinachokunjika kama mkeka, na kwa picha ndogo za kubeba mkononi.

Jiji nalo likaingia ndani ya picha. Kando ya twiga na tembo zikaja daladala, masoko na foleni za hospitali. Kiufundi, hilo si jambo dogo. Tembo mmoja ni eneo kubwa la rangi bapa, kazi ya brashi pana. Soko ni vichwa mia, na kila kichwa kinahitaji rangi ya ngozi, nguo, macho na mzigo, huku kila hatua ikisubiri iliyotangulia ikauke. Kitambaa nacho kina sharti lake: rangi ikipakwa nzito kama ya ubaoni, siku kikikunjwa itapasuka. Mkono uliozoea ubao wa dari hulazimika kupaka tabaka nyembamba, halafu kurudia.