Fundi wa Chipu Iliyochoka

Laptopu kuukuu ikianza kutoa mistari ya rangi kwenye kioo, au ikiwaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi, wengi hutoa hukumu papo hapo: imekufa. Kwa miaka mingi Mombasa hukumu ya aina hiyo ilikuwa na makaburi yake, jaa la Kibarani kando ya barabara ya Makupa, ambako taka za mji zilirundikwa ukingoni mwa bahari mpaka jaa likafungwa mwaka 2018. Anayeweza kuizuia mashine isifike jaani ni fundi. Namsifu kwanza kwa kupambanua ugonjwa, kisha kwa ukweli wa ulimi wake. Mkono wa lehemu nauweka wa tatu.

Kupambanua ndiko kugumu, kwa sababu dalili moja ina wazazi wengi. Mistari ile yaweza kutoka kwenye kioo chenyewe, kwenye waya wake, au kwenye chipu ya picha. Fundi makini huunganisha skrini ya nje: mistari ikionekana huko pia, kioo hakina hatia. Ikionekana hata kabla Windows haijaanza, programu nazo haziwezi kulaumiwa. Kuna hila moja ambayo huwapoteza wengi: chipu inayoanza kuchoka huweza kufanya kazi vizuri bila draiva yake, kisha ikagoma pindi draiva inapowekwa na mzigo kuongezeka. Fundi wa pupa husema ni virusi, anaweka Windows upya, analipwa, na baada ya siku chache mteja yuko mlangoni tena. Pwani ina mitego yake pia. Unyevu wenye chumvi hula bodi na kuacha kutu ya kijani, vumbi huziba feni, na joto likishapita nyuzi 30 mashine iliyozibwa haina pa kupumulia. Huenda chipu ni nzima kabisa, inateswa tu.

Ikithibitika kuwa ni chipu, ndipo ukweli unapopimwa. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikiharibika kupita kiasi, ikataja udhaifu wa nyenzo iliyotumika kuzifungia. Silikoni hushikizwa kwenye kibao chake kwa vinundu vidogo vya lehemu, na kibao hicho hushikizwa kwenye bodi kwa vijipira vikubwa zaidi. Mashine ikipata moto vyote hutanuka, ila kwa viwango tofauti; ikipoa husinyaa. Miaka ya mvutano huo hutia nyufa, na katika chipu zile ufa ulikuwa kwenye vinundu vya ndani. Kuipuliza hewa ya moto hugusanisha ufa kwa muda, kama kidonge kinavyoshusha homa. Hata kubadilisha vijipira vya chini hakufiki ndani. Ikiamka baada ya hapo, kilichoirudishia uhai ni moto uleule wa kuvibadilishia. Dawa ni chipu mpya.

Utaambiwa: mteja ameona picha imerudi, ameridhika, na fundi ana watoto wa kulisha. Nakubali kwamba moto una kazi yake, mathalani kumpa mtu nafasi ya kunakili faili zake. Lakini aambiwe hivyo kabla hajalipa. Kumuuzia wiki chache kwa bei ya uponyaji ni dhuluma.

Wengine husema mashine ya zamani haistahili gharama ya chipu. Mara nyingine ni kweli. Ila tazama MacBook Pro za inchi 15 za mwaka 2011, ambazo chipu zake za AMD ziliharibika kwa wingi hadi Apple ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2015. Zina chipu mbili za picha, na mafundi waligundua namna ya kuizima ile mbovu ili ile ya Intel ibebe kazi peke yake. Mashine hupoteza nguvu ya michezo na njia ya skrini ya nje, lakini inaandika, inapiga hesabu, inamsomesha mtoto. Kwangu huo ndio ufundi uliokomaa: kujua ni kipi cha kuponya na ni kipi cha kuacha kife.

Basi ukimpelekea fundi laptopu yako, muulize kama atabadilisha chipu au ataipasha moto, na amethibitisha vipi kuwa ni chipu. Na akikujibu baada ya kuipima kwamba haifai kutengenezwa, usiondoke hivihivi. Mlipe, kazi ameifanya.