Mashine Moja, Seva Mbili

Tovuti inayouza bidhaa haina saa ya kufunga. Fundi wake aikarabati lini? Wengi hutumia mashine moja ya Linux yenye seva mbili za wavuti, moja ya wateja, nyingine ya majaribio. Nausifu ufundi huu kwa kuwa ukifanywa vizuri hauonekani. Mteja analipa, na dakika hiyohiyo fundi ameufumua ukurasa uleule wa malipo kwenye nakala ya pembeni, wala mteja hana habari.

Njia nyepesi ni kutofautisha kwa majina. Toleo la 1.1 la HTTP, lililochapishwa Januari 1997, lilikitaka kila kivinjari kitaje katika ombi lake jina la tovuti kinayoitafuta. Kwa hiyo anwani moja ya IP hubeba tovuti nyingi: Apache, au Nginx ya Igor Sysoev, husoma jina hilo kisha huchagua saraka ya kufungua.

Wengi huishia hapo, nami naona wameishia njiani. Tovuti zote mbili bado zinahudumiwa na programu ileile, mara nyingi kwa jina la mtumiaji mmoja. Faili la usanidi la majaribio likikosewa herufi, seva ikazimwa ili iwashwe upya, haiwaki, na duka nalo limelala. Msimbo wa majaribio pia unaweza kusoma nywila ya hifadhidata ya wateja. Hao ni wapangaji wawili waliopewa ufunguo mmoja.

Fundi makini huwasha seva mbili kamili. Ya wateja hukaa kwenye poti 80 na 443. Ya majaribio hukaa kwenye 8080, ikisikiliza 127.0.0.1 tu, hivyo aliye nje haifikii ila kwa kupitia SSH. Linux kwa kawaida haimruhusu mtumiaji wa kawaida kushika poti iliyo chini ya 1024. Hiyo 8080 basi huwashwa bila mamlaka ya root kabisa. Kila seva ina mtumiaji wake, hifadhidata yake na faili zake za kumbukumbu za matukio. Barua pepe za majaribio huelekezwa kwenye faili, maana hifadhidata iliyonakiliwa ina anwani za watu halisi, na hakuna anayetaka kuamshwa usiku na risiti ya kitu ambacho hakununua.

Diski, RAM na kernel, hata hivyo, hubaki za pamoja. (Anayedhani kontena za Docker zimeondoa hilo akumbuke kwamba nazo hutumia kernel ileile.) Ndiyo maana kupitia systemd, programu inayosimamia huduma za mashine, seva ya majaribio huwekewa kikomo cha RAM isichoweza kukivuka.

Ninachokipenda zaidi ni siku ya kuhamisha kazi. Toleo jipya huwekwa kwenye saraka yake, usanidi hukaguliwa kwa nginx -t, kisha kiungo kimoja cha saraka (symlink) huelekezwa huko na seva huambiwa isome upya. Maombi yaliyokwisha kuanza humaliziwa na michakato ya zamani. Mapya hupokelewa na mipya. Toleo la jana halifutwi. Likihitajika, kiungo hugeuzwa tena, kwa amri ileile.