Treni ya Kesho Lazima Ipite Kona

Mwaka 1907 Louis Brennan, mvumbuzi mzaliwa wa Ireland aliyekulia Australia, aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society mjini London kitu ambacho mpita njia angekiita treni ya kuchezea. Kilikuwa kigari kidogo chenye magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, kinachokwenda juu ya reli moja na hakianguki. Ndani yake magurudumu mazito yalizunguka kwa kasi kubwa na kukiweka wima, kama pia isivyolala ikiwa bado inazunguka. Kiliweza kupita hata juu ya waya uliovutwa hewani. Miaka miwili baadaye, huko Gillingham, Brennan alikuwa na gari kamili la kubeba watu 40. Reli yake haikupata mnunuzi, na sasa inakumbukwa na wachache.

Naipenda habari hii kwa sababu mambo ya kesho yalianzia mezani. Hadi leo wapo watu, Japani, Ujerumani, Uingereza, Marekani na kwingineko, wanaojenga treni ndogo za nyakati ambazo hazijafika: reli zinazoning'inia angani, stesheni za migodi ya mwezini, miji ambamo treni huingia ghorofa ya thelathini na kutokea upande wa pili. Wengi huwaona ni watu wazima waliokataa kuacha michezo. Mimi nawaona ni mafundi, tena nawaheshimu kuliko wachoraji wengi wa mambo yajayo, kwa kuwa wao hawaishii kuwaza. Wanachokiwaza lazima kitembee.

Kazi yenyewe huanza na kitu cha kawaida kabisa. Fundi hununua treni ndogo ya dukani, mara nyingi ya kipimo cha N, ambamo kila kitu ni sehemu moja ya 160 ya ukubwa wake halisi na reli zimeachana milimita 9. Anayependa ukubwa huchukua HO, yaani 1:87, reli za milimita 16.5. Bodi la juu hung'olewa. Kinachobaki ni mota, magurudumu na uzito wa chuma uliowekwa ili treni isiruke njia. Juu ya mifupa hiyo ndipo fundi anapojenga bodi la treni ambayo haijawahi kuwepo, kwa vibao vyembamba vya plastiki, gundi, kisu kikali na msasa.

Hapo ndipo reli inapoanza kumbishia. Kwenye karatasi treni inaweza kuwa na pua ndefu ya kupendeza, behewa la urefu wa mita 40, mabawa ubavuni. Mezani kuna kona. Behewa la mita 25 kwa kipimo cha N lina urefu wa sentimita 15 na nusu hivi, na kona nyingi za nyumbani zina nusu kipenyo cha sentimita 28 tu. Likiingia hapo, tumbo la behewa hukata kuelekea ndani na pua hutokeza nje, ikagonga jukwaa au treni ya njia ya pili. Fundi ana njia chache: apunguze urefu, akate bodi vipande vitatu na kuviunganisha kwa viungo vinavyopinda, asogeze jukwaa, au aipe treni yake kona pana zaidi na apoteze nusu ya mji aliokusudia kuujenga. Kila uamuzi hubadilisha sura ya ule wakati ujao. Nimeona treni zilizopendeza zaidi baada ya kukatwa kuliko zilivyochorwa, na nadhani sababu ni kwamba mkato ule ulikuwa na maana: jicho linatambua kitu kilichotengenezwa ili kifanye kazi.

Wahandisi wakubwa nao walibishiwa na reli. Franz Kruckenberg wa Ujerumani alijenga gari la reli lenye umbo la chombo cha angani na propela mkiani, likaitwa Schienenzeppelin. Tarehe 21 Juni 1931, kati ya Hamburg na Berlin, lilifikia kilometa 230 kwa saa, kasi ambayo wakati huo haikuwa na mfano relini. Lakini propela iko nyuma, utafunga wapi mabehewa ya kuvuta? Na abiria wamesimama jukwaani, utaiwasha vipi propela ile ikipita karibu yao? Lilijengwa moja tu, likavunjwavunjwa mwaka 1939. Kampuni ya Märklin imewahi kulitoa kwa kipimo cha HO. Anayetaka kulijenga mwenyewe kwa kipimo hicho atakuta ekseli mbili tu zilizoachana sentimita 22 na zaidi, na hazitakubali kona ya chumbani mpaka azitengenezee namna ya kugeuka. Mikono yake itamfundisha jambo ambalo picha ya gazeti la 1931 haikuwafundisha wasomaji wake.

Kasi nayo ina mitego yake. Treni ya umeme ya SGR, reli mpya ya Tanzania, imesanifiwa kwenda kilometa 160 kwa saa. Ipunguze mara 160 na unapata kilometa moja kwa saa, mwendo wa polepole kuliko wa mtu anayetembea huku akitazama simu. Inapendeza sana mezani. Sasa chukua treni ya sumaku ya Japani, iliyofikia kilometa 603 kwa saa mwezi Aprili 2015. Mezani hiyo ni zaidi ya mita moja kila sekunde. Meza ya mita mbili inavukwa kabla hujamaliza kuita wenzako waje waone. Treni ya mbio za kutisha inapoteza ukubwa wake papo hapo na kuwa kitu kinachofyatuka. Mafundi wanaojua huificha: huiacha itokeze sekunde moja kati ya mahandaki mawili, au huionyesha ikiwa inaingia stesheni polepole, taa zake zikitambaa ukutani. Derek Meddings, aliyesimamia modeli za kipindi cha televisheni cha Thunderbirds kule Slough, Uingereza, miaka ya 1960, alikuwa na ufumbuzi wa kamera: alipiga picha nyingi mno kwa sekunde, na zilipoonyeshwa kwa mwendo wa kawaida, kitu chepesi kikaonekana kizito kama chuma cha tani mia. Fundi wa meza hana kamera hiyo. Kwake uzito lazima utoke kwenye mwendo wenyewe, kwa mota inayoanza taratibu na kusimama taratibu.

Meddings alijua pia siri ya uchafu, nayo ndiyo inayonivuta zaidi katika ufundi huu. Modeli zake zilipakwa masizi na michirizi, zikawa mashine zilizofanya kazi. Miaka kumi hivi baadaye waliojenga vyombo vya Star Wars, filamu ya 1977, walifanya vivyo hivyo, tena wakabandika juu ya bodi vipande vidogo walivyovunja kutoka modeli za vifaru na ndege za dukani. Ubapa mtupu hauna ukubwa, jicho halijui kama linatazama sentimita tano au mita hamsini. Ubandike bomba, kifuniko, ngazi na mapezi ya kupozea, na papo hapo jicho linaanza kupima.

Kwa kazi hii, meza ya fundi simu wa Kariakoo ni ghala. Bodi la simu iliyokufa likikatwa vizuri huwa paa la mtambo wa umeme. Kibati cha kupozea kilichotoka kwenye redio mbovu, chenye mapezi yaliyosimama sambamba, hufaa kuwa ubavu wa kichwa cha treni cha nyuklia. Bomba la sindano, likiondolewa namba zake, ni tangi la gesi. Vipande hivi vikishabandikwa vina rangi kumi na bado vinaonekana takataka. Ndipo inapokuja rangi moja ya kijivu ya msingi juu ya yote, na kwa dakika chache zile simu na sindano hazitambulikani tena. Kisha rangi nyeusi, iliyozimuliwa hadi ikawa majimaji, hupakwa juu na kufutwa. Inabaki kwenye mianya, chini ya vifuniko, kwenye shingo za mabomba. Mwisho ni kipande cha sponji kilichochovywa rangi ya fedha, kikaguswa guswa kwenye kingo za milango na vishikio, pale ambapo viatu na mikono ya watu vingekwisha kulichubua bodi. Kazi hii haitaki haraka. Ukizidisha, treni yako imetoka jalalani.

Lakini uchafu gani? Swali hili humtenga fundi na mbandikaji. Mwezini hakuna mvua, basi hakuna kutu yake wala michirizi inayoshuka kutoka madirishani. Hakuna hewa pia, kwa hiyo vumbi linalorushwa na magurudumu haliwezi kuelea. Linaruka na kuanguka moja kwa moja, likichafua zaidi sehemu za chini. Kwa sababu hiyohiyo ya kukosa hewa, treni ya mwezini haina haja ya pua kali hata kidogo. Inaweza kuwa sanduku la pembe nne na kwenda kasi ileile. Treni ya mwezini iliyochongoka kama risasi hunichosha, maana aliyeijenga amekopa sura bila kuuliza ilitoka wapi.

Mchoraji Leiji Matsumoto wa Japani alilijua hili kwa namna yake. Katika hadithi yake ya michoro iliyoanza 1977, Galaxy Express 999, treni inayosafiri kati ya sayari kwa nje ni kichwa cha mvuke cha aina ya C62, ambacho Wajapani walikuwa wamekijenga kweli miaka ya 1948 na 1949. Ndani mna mitambo ya hali ya juu. Nje ni moshi na chuma cha zamani, sura ambayo msafiri anayekwenda mbali na nyumbani ataitambua. Ukiijenga mezani, kazi yako yote ni kufanya zama mbili zikae ndani ya bodi moja bila kugombana.

Mara nyingine wakati ujao wenyewe tayari ni wa zamani. Kaskazini ya Orléans, Ufaransa, ipo mpaka leo njia ya zege iliyoinuliwa juu ya nguzo, ya urefu wa kilometa 18, inayopita juu ya mashamba bila treni. Mhandisi Jean Bertin aliijenga kwa ajili ya Aérotrain, gari lililoelea juu ya hewa iliyosukumwa chini yake, na mwaka 1974 likafikia kilometa 430 kwa saa. Mwaka huohuo serikali iliachana nalo, na Ufaransa ikaendelea na treni ya kasi ya TGV yenye magurudumu ya chuma. Bertin alifariki mwaka uliofuata. Ningekuwa na nafasi ya meza moja tu, ningejenga njia hiyo ikiwa imeota majani, na chini yake treni ya kawaida ikipita na abiria wake. Mandhari za kesho nyingi zina kosa hili moja, kwamba kila kitu ndani yake kilijengwa siku moja. Hakuna mji wa namna hiyo.

Mji wa Dar es Salaam unathibitisha hilo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, bado ina njia yake ya upana wa mita moja. Juu kwenye nguzo za zege inapita SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na stesheni yake ina paa lililochongwa kwa mfano wa tanzanite. Mtu akisimama chini anaona zama mbili kwa mpigo mmoja. Fundi wa kwetu anayetaka kujenga mwaka 2090 hana sababu ya kuazima mji wa Tokyo. Amekwisha kupewa tabaka mbili, aongeze ya tatu.

Atakapoiongeza, kazi ngumu zaidi itakuwa watu. Kwa kipimo cha N mtu mzima ana urefu wa milimita kumi na kidogo, na bila yeye hakuna anayeweza kujua ukubwa wa stesheni. Lakini lazima awe anafanya kitu. Kwenye Reli ya Kati treni ikisimama stesheni ya Saranda, abiria hutoa mikono madirishani na wauzaji wa kuku huja mbio na masinia kichwani. Madirisha ya SGR hayafunguki. Basi kwenye stesheni ya 2090 muuza kuku anasimama wapi? Fundi anaweza kumpa kibanda ndani ya ukumbi, akampoteza. Anaweza kuacha pengo kati ya milango na jukwaa, treni ikikaa dakika tano badala ya moja, na hapo atabidi aipange upya ratiba ya njia zote. Au ampe behewa lake mwenyewe, la mwisho kabisa, lenye madirisha ya kufungua na bomba la moshi juu, lililotengenezwa kwa kalamu iliyokwisha wino. Mimi ningeanza na behewa hilo, kisha nione kama litapita kona.