Wimbo Unaokaa Kichwani

Ukisimama Kafutuma, wilayani Nchelenge nchini Zambia, ukatazama ng'ambo ya Ziwa Mweru, unatazama Kongo. Mbali huko Katanga, mjini Kamina, mwaka 1958 padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, pamoja na walimu na watoto wa shule, waliimba kwa mara ya kwanza Misa waliyoitunga, Missa Luba. Maneno ya Kilatini waliyaacha yalivyo. Mwendo na mapigo yakawa ya kwao. Wengi huisifu kwa ngoma zake. Mimi nasifu zaidi namna ilivyozaliwa: midomoni mwa waimbaji, bila noti za kusoma.

Hivyo ndivyo hata wimbo wa Kigregori, uimbaji wa kale wa Kanisa kwa Kilatini, ulivyoishi kwanza. Watawa wa Ulaya waliubeba kichwani miaka mingi. Karne ya 9 walianza kuandika vialama juu ya maneno, vikionyesha sauti inapopanda na inaposhuka, bila kusema ni kwa kiasi gani. Asiyeujua wimbo havikumsaidia. Ndipo karne ya 11 Guido mwingine, wa Arezzo, akazipanga noti kwenye mistari.

Chukua Salve Regina, antifona ya Bikira Maria inayofunga sala ya usiku. Katika tuni yake kuu, neno la kwanza lina noti nne tu: la, sol, la, kisha sauti inateremka hadi re. Kifungu cha pili kinaanza kwa noti zilezile nne. Hakuna mapigo ya kuhesabu wala kinanda cha kuegemea. Unafuata uzito wa neno. Pumzi ikikuishia, unanyamaza uvute hewa huku jirani yako akiendelea, kisha unarudi taratibu katikati ya silabi, msikilizaji asitambue. Anayetaka sauti yake ijulikane anauvunja wimbo wote. Sijui shule bora kuliko hiyo kwa kwaya yoyote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulifungulia mlango lugha zetu, na hati hiyohiyo ikaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kiroma. La kwanza tulilipokea kwa vigelegele, na tulifanya vyema. La pili tumeliacha likafifia, na hapo tumepoteza.

Walimu wa kwaya wa Nchelenge, na ninyi wa ng'ambo, zimeni vinanda jioni moja. Wafundisheni watoto Salve Regina kwa mdomo, neno kwa neno, kabla wazee wanaoikumbuka hawajaondoka.